Usiku mmoja kando ya ziwa: mama muuza mboga wa Mudaka alala katika hoteli aliyokuwa akiiuzia kabichi

BUKAVU, Kivu ya Kusini. Kwa zaidi ya miaka ishirini mama yangu aliingia katika hoteli za kando ya Ziwa Kivu kwa kupitia mlango wa jikoni, kapu la kabichi mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Mwezi wa 8 mwaka 2025 aliingia kwa mlango wa mbele, kama mgeni wa kulala. Alikwenda na mambo mawili moyoni: kuona kile alichokuwa akikisikia tu kwa watu, na kudai pesa zake.

Hoteli yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu habari hii ingeweza kutokea katika nyingi kati ya zile tunazozijua mjini. Ni moja ya hoteli zilizojengwa kwenye peninsula za Bukavu, pale bustani zinashuka polepole mpaka majini. Ukisimama kwenye terasi yake unaona ziwa pande mbili, na ng'ambo unaona milima ya Rwanda. Sisi wa Kivu hatuna bahari. Pwani pekee ya Kongo iko Muanda, upande mwingine kabisa wa nchi. Lakini kwetu nyumbani wazee wengi husema tu "bahari" wakitaja ziwa hili, na anayelala kando yake anajiona amefika pwani.

Pesa ya mbuzi wawili

Wazo lilitoka kwa mdogo wangu, anayeishi Canada. Kazi yake huko ni kusafisha vyumba vya hoteli. Siku moja aliniandikia kwa WhatsApp: "Kila siku ninatandika vitanda vya watu. Nataka mama alale siku moja katika kitanda ambacho hakukitandika yeye."

Mama alikataa mara tatu. Alisema pesa hizo zinanunua mbuzi wawili, na mbuzi wanazaa, lakini usiku mmoja wa hoteli hauzai kitu. Alisema pia kwamba ana bati mbili zinazovuja, na kwamba mtu mwenye akili hawezi kulipa ili alale wakati nyumbani ana kitanda. Mdogo wangu hakubishana naye. Alilipa hoteli moja kwa moja kwa simu, kisha akatutumia ujumbe wa kuthibitisha. Pesa haikuweza kurudi tena.

Hapo mama alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama ni hoteli ileile. Nikamwambia ndiyo, ni ileile. Akaingia ndani, akatoka na karatasi tatu zilizokunjwa ndani ya pindo la kitenge. Zilikuwa karatasi za mboga alizopeleka mwanzoni mwa mwaka 2025 na ambazo hazikulipwa mpaka leo. "Basi nitaenda," akasema. "Mtu akikaa mezani ndiyo anasikilizwa vizuri."

Meza za sokoni na njia ya ndege

Kwa msomaji asiyepajua, Mudaka iko katika teritware ya Kabare, kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya mji wa Bukavu na kiwanja cha ndege cha Kavumu. Ukiendelea mbele unafika Miti, ambako barabara inagawanyika. Moja inakwenda Kavumu na Katana, halafu Kalehe, mpaka Goma. Nyingine inapanda Tshivanga, penye mlango wa Parc National de Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuandikwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka 1980. Tangu mwaka 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita tunazozijua.

Maana yake ni hii: kila aliyeshuka ndege Kavumu ili alale Bukavu, na kila mtalii aliyelala Bukavu ili asubuhi apande kuona gorila, alipita mbele ya soko letu. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu magari meupe ya mashirika. Mama yeye alikuwa akihesabu kitu kingine. Magari yakiwa mengi siku ya kwanza ya juma, alijua kwamba siku ya tatu mpishi atamwita.

Soko la Mudaka ni soko la vyakula. Kuna kabichi, ile ambayo mjini wanaita shu, kuna puaro, karoti, lenga-lenga, maharagi, ndizi na viazi, na pembeni kuna kasiksi kwa wale waliomaliza kazi. Wanaouza ni kina mama wa Mudaka na wa vijiji vya jirani kama Miti, Bushumba na Luhihi. Wengi wanabeba mzigo mgongoni kutoka shambani, halafu wanapanda gari au moto mpaka mjini.

Mama alianza kuuzia hoteli mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mashirika ya misaada na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa walipokuwa wengi Bukavu. Mpishi mmoja alikuta kabichi zake ni ngumu na safi, akamwambia alete mara mbili kwa juma. Pesa hiyo haikuwa nyingi, lakini ilikuja siku iliyojulikana, na hilo ndilo mulimaji hulitafuta. Ilitulipia shule. Iliezeka nyumba. Iliingia katika likelemba ya kina mama kumi, na kila mmoja wao akapata zamu yake.

Halafu mambo yakaanza kupungua. Mwezi wa 6 mwaka 2024 MONUSCO ilifunga kazi yake katika Kivu ya Kusini. Tarehe 14 mwezi wa 2 mwaka 2025 wapiganaji wa AFC/M23 walishika kiwanja cha Kavumu, na siku zilizofuata wakaingia Bukavu. Ndege za abiria hazikutua tena. Benki zikafunga milango. Magari meupe hayakupita tena mbele ya soko, na mpishi hakuita tena. Kapu la mwisho mama alilipeleka siku chache kabla, akapewa karatasi na neno moja: "Utalipwa juma lijalo." Juma hilo lilikuwa bado halijafika.

Mlango wa mbele

Tulifika saa nane za mchana. Mama alivaa kitenge chake cha misa na viatu vya kufunga. Mimi nilibeba mfuko wake. Mlinzi wa lango alimwona, akamtambua, akamsalimu vizuri kwa Kishi: "Asinge, mama." Halafu akanyoosha mkono upande wa kushoto, ambako njia ndogo inazunguka ukuta mpaka jikoni, akasema wauzaji wanapita kule.

Hakuwa na dharau. Alikuwa akifanya kama alivyofanya miaka yote, na mama mwenyewe alikuwa tayari amegeuza mguu kuelekea kule. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilimwonyesha mlinzi ujumbe wa malipo kwenye simu. Aliusoma pole pole, akautazama uso wa mama, akaona haya. Alikimbia kufungua lango kubwa, lile la magari, ingawa tulikuwa tumekuja kwa miguu kutoka pale motari alipotuacha. Mama aliingia katikati ya lango hilo peke yake, bila haraka.

Mapokezi waliomba kitambulisho. Mama akatoa karte yake ya uchaguzi. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kazi. Nilikuwa nimeanza kuandika "mulimaji" aliponigusa bega. "Andika fournisseur," akasema. "Fournisseur wa hoteli hii." Binti wa mapokezi alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona mama hachezi.

Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa chenye shuka nyeupe, taulo mbili zilizokunjwa, meza ndogo na dirisha refu linalotazama maji. Mama alifungua bomba la maji ya moto, akalifunga, akalifungua tena. Alishika pindo la shuka kuona kama limepigwa pasi pande zote mbili. Aliuliza kwa nini hakuna kile chombo cha baridi ambacho mwanawe wa Canada anakitaja kila mara. Nikamweleza kwamba Ziwa Kivu liko juu sana, mita karibu 1,460 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana usiku wa Bukavu unajipoza wenyewe. Mtu anayelala katika hoteli ya pwani kule Dar es Salaam au Mombasa ataomba mashine ya baridi. Mama yeye aliomba blanketi ya pili.

Kwa saa nzima alikaa kwenye kiti. Kitandani hakutaka kukaa, alisema atakichafua kabla ya usiku kufika.

Mji uliojengwa kwa ajili ya wengine

Kutoka dirishani nilimwonyesha nyumba za zamani za mji, zile zenye pembe za mviringo na madirisha kama ya meli. Nyingi ni za miaka ya 1930 mpaka 1950. Wakati huo mji uliitwa Costermansville, jina la Paul Costermans, mkubwa mmoja wa serkali ya kikoloni. Jina la Bukavu lilirudi miaka ya 1950, na wazee wa Bushi wanasema linatokana na neno la ng'ombe, kwa sababu hapa palikuwa malisho.

Wabelgiji walipapenda kwa ajili ya ziwa na baridi. Walijenga nyumba za kupumzikia kwenye peninsula, na katikati ya mji wakajenga hoteli ambazo majengo yake bado yanasimama, kama lile la Hôtel Résidence kwenye barabara ya Patrice Lumumba. Baadaye wageni wa ziwa walizoea pia bustani za Orchids Safari Club. Mwafrika wa zama za ukoloni aliingia katika nyumba hizo kama boyi, mpishi au mbeba mizigo, halafu jioni akapanda kulala Kadutu au Bagira. Hata wale wachache waliopewa karte ya mérite civique kuanzia mwaka 1948, ili waonekane wamestaarabika, walijua mlango gani unafunguka kwao na upi haufunguki.

Baada ya uhuru milango ilifunguka, lakini vita ikaanza kuja na kurudi. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia mwezi wa 8 mpaka mwanzo wa mwezi wa 11, na mji uliharibika sana. Mwaka 1996 vita ya AFDL. Mwaka 2004 wanajeshi wa Nkunda na Mutebutsi. Kila mara hoteli zilifunga madirisha, zikahesabu hasara, zikapaka rangi upya. Na kila mara baada ya wageni kurudi, kina mama wa Kabare walirudi jikoni na makapu yao. Mama alisikiliza haya yote akitazama nje. "Kwa hiyo sisi tumeanza kuwalisha zamani," akasema.

Supu ya kabichi

Jioni tulishuka kula. Kwenye karte ya chakula kulikuwa na sambaza wa kukaanga, na hao tuliwaagiza bila kuuliza. Wale dagaa wadogo si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ni vigumu kufikiria meza ya Bukavu bila wao. Tuliagiza pia bugali, na mama akataka supu ya mboga ili aone.

Ilikuja kwenye bakuli dogo. Alichukua kijiko, akakoroga, akainua kipande cha kabichi, akakitazama kwenye mwanga. "Hii haikutoka kwetu," akasema. "Hii imelala sokoni siku tatu." Kisha akaniuliza bei. Nilipomwambia, alihesabu kwa vidole chini ya meza. Bakuli moja lile lilikuwa na bei ya kabichi zinazojaza nusu ya kapu lake. Nilidhani atakasirika. Alicheka, akamaliza supu yote, akasema kwamba kama kabichi yake inaweza kufika bei hiyo, basi yeye ndiye aliyekuwa akiiuza kwa bei ya chini.

Mhudumu alikuwa kijana mpole. Alikuwa anamwita "mama" na kumwongezea maji bila kuombwa. Mama alimwuliza nani analeta mboga siku hizi. Akajibu kwamba wananunua kidogo kidogo Kadutu, siku wanayohitaji, kwa sababu hakuna anayejua kama kesho kutakuwa na mgeni. Ukumbi ulikuwa na meza nyingi, na usiku huo tatu tu ndizo zilizokuwa na watu. Mama akamwomba amwite gérant.

Karatasi tatu

Gérant alikuja akifikiri kuna malalamiko ya chakula. Alipoona karatasi tatu mezani, alivuta kiti akakaa. Hilo nililipenda. Angeweza kusema atarudi kesho.

Alieleza mambo kwa utaratibu. Kavumu imefungwa, na anayetoka mbali analazimika kupitia Rwanda, kwa hiyo wengi hawaji. Semina za mashirika, zilizokuwa zikijaza vyumba kwa juma zima, zimepungua. Benki hazifanyi kazi, malipo yote yanapita kwenye simu, na kila anayetoa pesa anakatwa. Mafuta ya jenereta ni ghali. Hata bia imekuwa tatizo: mwezi wa 6 mwaka 2025 kampuni ya Heineken, yenye Bralima, ilitangaza kwamba imewaondoa wafanyakazi wake Bukavu na Goma kwa kuwa haikuwa tena na uwezo juu ya majengo yake. Wafanyakazi wa hoteli wanapokezana, juma moja kazini, juma moja nyumbani.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Baba, mimi sikukuja kukuomba huruma, na wewe usiniombe yangu. Vita imeingia kwako na imeingia kwangu. Lakini kabichi zile watu walizila kabla ya vita."

Gérant alinyamaza. Akaenda ofisini, akarudi na daftari. Makapu matatu yalikuwa yameandikwa humo, tarehe na idadi, sawa na kwenye karatasi za mama. Hakuna aliyeiba. Deni lilikuwa limekaa tu, kama madeni ya wadogo yanavyokaa wakati madeni ya wakubwa yanapigiwa simu kila siku.

Alitoa sehemu ya pesa pale pale, kwa franga. Mama aliinua noti moja moja kwenye taa. Nne zilikuwa zimechakaa na kuchanika, na tangu benki zifunge kila mtu Bukavu anajua shida ya noti kama hizo: unazipokea, halafu hakuna anayezitaka. Alizirudisha. Gérant akabadilisha mbili, akakosa za kubadilisha nyingine mbili, akaziandika upya kwenye deni. Kisha wakapatana. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi bustanini, kwa sababu vita haikuwazuia watu kuoana. Mama ataleta makapu manne ya kabichi, puaro na karoti. Yatalipwa siku ileile, na kila safari atapata pia sehemu ya deni la zamani mpaka liishe. Wakaandika, wakatia sahihi wote wawili. Mama alikunja karatasi ya nne, akaiweka pamoja na zile tatu.

Taa za wavuvi na chupa za asubuhi

Usiku mama alikubali kitanda. Kabla ya kulala tulikaa dirishani. Wavuvi wa sambaza walikuwa wameshatoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji kuvuta samaki. Ukiwa mbali huoni mitumbwi, unaona taa tu, nyingi, kama kijiji kingine kilichojengwa katikati ya ziwa. Mama amekaa karibu na ziwa hili maisha yake yote, lakini hakuwa amewahi kulitazama usiku bila kazi yoyote mkononi. Alikaa pale mpaka karibu saa sita.

Asubuhi tuliona upande mwingine. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda, lakini bado chupa na mifuko ya plastiki ilikuwa imejikusanya kwenye kona ya bustani, na kijana mmoja alikuwa ndani ya maji mpaka magotini akiitoa kwa fimbo. Takataka za vilima vyetu zote zinaishia ziwani. Zile zisizotolewa zinafuata maji mpaka pale Ruzizi inapoanzia, na kule zinaziba bwawa la Ruzizi 1, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambalo bado linatupa umeme. Kwa hiyo chupa inayotupwa kwenye mfereji wa Kadutu inaweza kuzima taa za Bukavu, na inachafua kitu kikubwa ambacho hoteli hizi zinakiuza. Kitanda kizuri kinapatikana katika mji wowote. Watu wanakuja kulala hapa kwa sababu ya ziwa.

Kitanda kimoja mjini, mikono mingi kijijini

Nilirudi Mudaka nikiwa na hesabu nyingine kichwani. Tulizoea kusema hoteli kubwa ni mambo ya matajiri na wageni, hazituhusu. Lakini tazama mgeni mmoja anayelala usiku mmoja. Kuna dereva aliyemleta, motari aliyepeleka mboga, mvuvi aliyekesha na taa, mama aliyefua shuka, mlinzi wa lango, kijana wa bustani. Nyuma ya kila mmoja kuna nyumba yenye watoto. Mgeni huyo asipokuja, hoteli inapunguza kwanza kile kisicho na mkataba. Kisicho na mkataba ni kapu la Mudaka.

Hatuwezi, sisi wa sokoni, kufungua kiwanja cha ndege wala benki. Hilo ni la wale wanaozungumza meza za juu, na tunawasubiri. Lakini yapo mengine ambayo yako mikononi mwetu na mwa hoteli zenyewe.

La kwanza ni maandishi. Mama alilipwa kwa sababu alikuwa na karatasi tatu na hoteli ilikuwa na daftari. Kina mama wengi wanauza kwa neno la mdomo tu, na mpishi akibadilishwa, deni linakwenda naye. Karatasi yenye tarehe, idadi na sahihi haigharimu kitu.

La pili ni kuuza pamoja. Mama mmoja akidai makapu matatu, ni rahisi kumwambia arudi juma lijalo. Kina mama kumi wa AVEC moja wakiwa na oda moja na simu moja ya kupokea malipo, inakuwa vigumu zaidi. Pia wanaweza kuhakikisha kwamba kabichi haikosekani siku ambayo shamba la mmoja limekauka.

La tatu ni la hoteli. Wageni wa mbali wamepungua, lakini harusi, ubatizo na sherehe za shule bado zipo, na wakaaji wa Bukavu wenyewe wangependa kukaa kwenye bustani zile siku ya Jumapili. Meza iliyo wazi kwa mwenyeji kwa bei anayoiweza ni afadhali kuliko meza tupu. Na supu inayopikwa kwa kabichi iliyovunwa jana Kabare ni tamu kuliko ile iliyolala sokoni. Hilo mama yangu anaweza kulithibitisha.

Mdogo wangu alipiga simu jioni ileile kutoka Canada, akauliza mama aliona nini. Mama alimwambia maji ni ya moto kweli, shuka zimepigwa pasi upande mmoja tu, na kwamba mbuzi wawili wake sasa wamebaki mmoja na nusu, kwa sababu nusu ya deni imeshaingia. Mdogo wangu alicheka mpaka akalia.

Jumamosi ya harusi nilimsindikiza tena. Makapu manne yalikuwa juu ya moto mbili. Mlinzi alituona kwa mbali, akakimbilia lango kubwa na kuanza kulifungua. Mama alimpungia mkono amwache.

"Funga tu, mwanangu," akasema. "Leo nimekuja kazini."

Akashika njia ndogo ya kushoto, kwenda jikoni.